Mwandishi wa michezo akimhoji mtu siye, lawama ni ya nani?

Wadau wa michezo, naleta hoja tuijadili. Kila mwandishi anapomhoji mtu akidhani ni mchezaji fulani, au anaporusha habari ya mchezaji ambaye hayupo duniani, vijiweni utasikia utetezi uleule: wa kulaumiwa ni aliyedanganya, au klabu iliyoshindwa kumtambulisha mtu wake. Sikubaliani. Lawama inaanza kwa mwandishi, na mhariri wake anafuata.

Kumbukeni Boston Marathon ya Aprili 21, 1980. Rosie Ruiz alitangazwa mshindi wa wanawake kwa saa 2:31:56, akavishwa shada. Aliyemhoji kwenye televisheni alikuwa Kathrine Switzer, ambaye mwenyewe alikimbia mbio hizohizo mwaka 1967. Alimuuliza kama amekuwa akifanya sana mazoezi ya kukimbia kasi kwa vipande, yale ya kukimbia, kupumzika kidogo, kisha kurudia. Ruiz akajibu kwamba hajui vizuri hayo ni mazoezi gani. Mkimbiaji wa muda ule hayajui! Shaka zikapanda, na siku nane baadaye akavuliwa ushindi kwa kuwa hakukimbia mbio nzima, akapewa aliyestahili, Jacqueline Gareau wa Canada. Ila shada la siku yenyewe na shangwe za watu pale barabarani Gareau hakuvipata. Ndiyo maana jambo hili linaniuma: kuna mwanamichezo halisi anayedhulumiwa.

Sasa tazama gazeti la The Times la London, Januari 2009. Katika orodha ya vipaji 50 vya soka vinavyochipukia, nafasi ya 30 walimpa Masal Bugduv wa Moldova, kijana aliyetungwa tu mtandaoni. Simu moja kwa shirikisho la soka la Moldova ingemaliza kazi.

Turudi Dar. Nenda uwanjani Kwa Mkapa baada ya mechi uone. Mmoja anauliza, wenzake wananyoosha simu na maikrofoni kuchukua sauti, basi. Huyo mmoja akikosea jina, wote wamekosea, na klipu iko hewani kabla mchezaji hajapanda basi. Ule utaratibu wa wakongwe, "kwanza jitambulishe, majina yako kamili na timu yako", vijana wengi wanaona aibu kuutumia, wanahisi wataonekana hawajui mpira. Aibu gani hiyo? Mchezaji anayetoka daraja la chini anafurahi jina lake likiandikwa sawasawa.

Wapo watakaosema hata mashirikisho hupigwa changa la macho. Kweli. Septemba 2010 Bahrain ilicheza na "Togo" ya bandia na kuifunga 3-0. Lakini kocha wa Bahrain, Josef Hickersberger, alilalamika kwamba wapinzani hawakuwa na pumzi ya dakika 90. Jicho linalojua mchezo lilishtuka.

Nakubali kwamba klabu zetu zikitoa orodha yenye picha na majina mapema, kazi itarahisika. Hilo zifanye. Ila riadha je? Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, akiwa na muda sawa na Amanal Petros wa Ujerumani, 2:09:48. Akipita Kariakoo leo na tisheti ya kawaida, ni waandishi wangapi wa michezo watamtambua sura?

Anayesema klabu ndiyo ibebe lawama, aje na hoja.