Msaada: mimea gani ya ndani inavumilia jua la dirishani? Niko Tanga, sebule inapigwa jua mchana mpaka magharibi

Binti Chumbageni

Asalaam aleikum wadau. Naomba ushauri kwa wanaojua mimea ya ndani, nataka kununua mwisho wa mwezi na sitaki kununua kwa sababu tu kitu kimependeza pale barabarani.

Nimepanga ghorofa ya pili hapa Chumbageni. Sebuleni kuna dirisha kubwa la kioo la kuslaidi linaangalia magharibi, yani kuanzia saa nane mchana mpaka jua linazama linaingia moja kwa moja hadi kwenye kochi, ukikanyaga taili peku unasikia moto. Chumbani dirisha liko mashariki, jua la asubuhi linakaa mpaka kama saa nne hivi halafu linapanda juu. Jikoni kuna kidirisha kinaangalia kusini, kina nondo na wavu wa mbu, mwanga upo ila jua lenyewe sijaliona tangu nihamie mwezi wa tano.

Sasa nikisoma mtandaoni nachanganyikiwa, kila mahali wanasema mmea unaopenda jua weka dirisha la kusini, na mimi dirisha langu la kusini ndo lenye kiza kuliko yote!! Wengine wanasema mani planti inakaa popote. Pia nina mtoto ndo kwanza anatembea, kila kitu anatia mdomoni, kwa hiyo mmea wenye sumu naomba mniambie mapema. Maji natumia zaidi ya kisima, yana chumvi kidogo.

Natanguliza shukrani.

Mtu wa Sahare

Waaleikum salaam. Weka mshubiri na sneki planti hapo magharibi umemaliza. Mani planti usiisogeze hapo, jua la saa tisa litaibabua majani yote.

Mzee Mkonge

Mwanangu, nianze na hilo la dirisha la kusini maana linapoteza watu wengi. Hayo maelezo yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kule kwao jua la mchana linakuwa upande wa kusini mwaka mzima, ndo maana dirisha la kusini kwao ni dhahabu. Sisi Tanga tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta. Jua letu linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa tatu na mapema mwezi wa kumi. Kati ya mwezi wa tatu na wa kumi mchana linaegemea kaskazini, kuanzia wa kumi mpaka wa tatu linahamia kusini. Wewe umehamia mwezi wa tano, lazima usilione jikoni. Subiri Novemba na Desemba litakuja, ila linakuwa juu sana kwa hiyo halitaingia ndani mbali, litagusa kizingiti cha dirisha na hapo karibu.

Kwa hiyo kwetu huku madirisha yenye jua la uhakika mwaka mzima ni mashariki na magharibi, na hayo mawili hayalingani hata kidogo. Asubuhi ukuta na hewa bado vimepoa na usiku, mmea una maji yake, jua linaingia na halidhuru kitu. Jioni chumba kimeshachemka, kioo cha moto, udongo wa moto, mmea umeshapoteza maji tangu asubuhi ndo unapigwa tena. Ukienda kununua usiulize tu huu unapenda jua au haupendi, uliza unavumilia jua la saa ngapi. Muuzaji akishindwa kukujibu angalia jani.

Jani nene lenye maji ndani ndo la magharibi. Mshubiri, mkonge pori (ndo huo mnaouita sneki planti), jedi. Hii mimea mchana inafunga vile vitundu vya kupumulia kwenye majani, inafungua usiku kukiwa na ubaridi, ndo maana haikauki ovyo. Mkonge wetu wa mashambani uko hivyo hivyo. Asili yake Meksiko, Mjerumani mmoja, Hindorf, aliuleta mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu ikapandwa upande wa Pangani, na leo nani atakwambia mkonge sio wa Tanga. Nimekulia kwenye kambi za mkonge, nimeuona kiangazi cha kila aina haujali.

Halafu angalia doa la jua pale sakafuni kwako. Mwezi wa sita jua linazama limeelekea kaskazini kidogo, Desemba linazama limeelekea kusini, kwa hiyo pale panapopigwa jua leo sio patakapopigwa Krismasi. Vyungu vitakuwa vya kuhamahama, usinunue likubwa ambalo huwezi kulibeba.

Ummu Rihani

Shoga mimi nakuja na la kwangu, usiweke mapambo matupu wakati una jua lote hilo. Panda mrehani! Mrehani unataka jua la kutosha, ukiuweka kivulini unarefuka miguu unakuwa mwembamba na harufu inapungua. Weka pale magharibi karibu na kioo, jioni ukifungua dirisha upepo ukivuma nyumba nzima inanukia, na siku ya shughuli unachuma mwenyewe wa kuweka kwenye kikuba hununui. Ila mrehani hautaki kusahauliwa, maji kila siku asubuhi kwenye jua kama hilo, na ukiona unatoa vile vishada vya maua vikate mapema, ukiacha ukazaa mbegu majani yanakuwa machache na mti unachoka.

Pilipili pia inakubali dirishani. Ikitoa maua ndani ya nyumba hakuna upepo wala nyuki, basi wewe tikisa tikisa matawi taratibu poleni iangukie, utapata pilipili. Mchaichai unakubali jua ila unakuwa kichaka, huo peleka baraza kama unayo.

Mdigo wa Mjini

Mbona hamjataja ua letu la Usambara jamani?? Lile la zambarau la majani ya manyoya, wazungu wanaliita afrikan vayoleti. Limetoka milima yetu hii hii, Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyekuwa mtawala huku alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la kitaalamu Saintpaulia kutokana na yeye. Linauzwa madirishani dunia nzima na sisi wenye nalo hatulifugi. Dada liweke sebuleni wageni waulize.

Mzee Mkonge

Mdigo umesema kweli tupu kuhusu asili yake na nafurahi umelitaja, ila sebuleni kwake hapana. Lile ua linaota msituni chini ya miti, kwenye majabali yenye unyevu, halijawahi kuzoea jua la wazi. Jua la saa tisa litalichoma siku hiyo hiyo. Liende chumbani kwa dirisha la mashariki, tena nyuma ya pazia jepesi, mwanga mwingi bila jua lenyewe. Na maji lipewe kwa chini, weka kwenye kisahani linyonye nusu saa kisha mwaga yaliyobaki, maji ya baridi yakitua kwenye yale majani ya manyoya yanaacha madoa.

Binti Chumbageni

Shikamoo Mzee Mkonge, yani hilo la kusini nimelielewa leo. Ummu Rihani mrehani nimeupokea kwa mikono miwili. Sasa jamani kuhusu mtoto, na dezati rozi nimeona inasifiwa sana kwa jua, na ni nzuri mno. Vyungu je, nimeona vile vyeusi vya plastiki ndo rahisi.

Kitalu cha Donge

Dada habari. Nafuga na kuuza miche, nikujibu kwa uwazi hata kama naharibu biashara.

Dezati rozi ni mmea wa Afrika kabisa na jua ndo chakula chake, bila jua hautoi ua. Lakini utomvu wake ni sumu kali, sehemu nyingi za Afrika watu walikuwa wanapaka kwenye mishale ya kuwindia. Kwa mtoto wa umri huo mimi sikuuzii, subiri akue. Taji la miiba hivyo hivyo, maziwa yake yanawasha ngozi na yakiingia jichoni ni hospitali, achilia mbali miiba. Mani planti na dumbkeni zinachoma mdomo na koo mtoto akitafuna. Sneki planti ni nafuu ila akila inaweza kumtapisha, na ule utomvu wa njano wa mshubiri unaharisha, kwa hiyo hiyo miwili iwe juu ambapo hafiki. Zisizo na shida ni mrehani, afrikan vayoleti, spaida planti, peperomia, na haworthia, hii inafanana na mshubiri mdogo wenye mistari myeupe. Haworthia itakufaa sana, irudishe hatua moja kutoka kwenye kioo cha magharibi, ukiona imeanza kuwa nyekundu ujue jua limezidi. Spaida planti na peperomia ziende chumbani mashariki.

Chungu cheusi cha plastiki kwenye dirisha hilo usinunue. Kinavuta joto, mizizi ya pembeni inapikwa, unaona mmea umelegea unaongeza maji, unaoza. Chukua cha udongo wa kufinyanga, kinatoa maji taratibu kwenye kuta zake kinapoa kama mtungi. Kama ni plastiki basi nyeupe. Tundu chini LAZIMA, kama hakina toboa.

Udongo wa mimea ya majani manene: nusu mchanga wa mto wenye chenga, nusu mboji iliyoiva, ongeza chenga za mkaa. Mchanga wa ufukweni usithubutu, una chumvi. Mrehani na pilipili wape mboji zaidi na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yanashika maji, ila yaloweke na kuyasuuza kwanza maana nayo huwa na chumvi. Hayo maji yako ya kisima ukiona ukungu mweupe mgumu juu ya udongo au pembeni ya chungu ndo chumvi yenyewe inajikusanya, mwagilia maji mengi ya mvua mpaka yatoke chini yaisafishe. Maji yanayodondoka kwenye eisii pia yanafaa kwa mimea, kinga ndoo. Na visahani vya chini usiache maji yakae, mbu wa dengi anazaliana humo humo ndani.

Mtu wa Sahare

Mi naona mnamtisha dada wa watu. Bandika tinti kwenye kioo, shusha pazia, weka mmea wowote unaotaka.

Kitalu cha Donge

Kaka tinti haichagui, inapunguza mwanga mwaka mzima, hata masika mwezi wa nne ukiwa na mawingu wiki nzima. Mrehani ukiwa nyuma ya tinti nyeusi hautafika popote. Pazia jepesi sawa kabisa, unalishusha saa nane unalipandisha asubuhi. Ila aina ya mmea bado inahusika.

Kitu ambacho hakijasemwa na ndo kinaua miche mingi ya wateja: kitaluni mimea yetu inakaa chini ya neti ya kivuli. Hata mshubiri, mmea wa jua, ukiutoa kwenye neti ukaupeleka moja kwa moja dirisha la magharibi utabadilika rangi uwe mwekundu wa kahawia, majani yanasinyaa. Ukifika nyumbani weka mbali na dirisha kwanza, sogeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi.

Na ujifunze kusoma dalili kabla hujamwaga maji. Doa kavu jeupe au la kahawia upande ule unaoangalia kioo, hilo ni jua limechoma, halitapona, jani jipya ndo litakuja zima. Majani ya chini yanakuwa ya njano na laini, maji yamezidi. Vidoadoa vidogo vidogo vingi na utando mwembamba chini ya jani, huo ni utitiri, unapenda sana dirisha la moto lenye hewa kavu. Pamba nyeupe kwenye maungio ya majani ni vidung'ata. Vyote viwili futa kwa maji ya sabuni kidogo au mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji, jioni jua likishaondoka dirishani, rudia baada ya wiki.

Ummu Rihani

Na kama dirisha linapata upepo wa bahari futa majani kwa kitambaa na maji yasiyo na chumvi, sio ya kisima, mara kwa mara. Kaskazi ikivuma hapa Raskazone majani yanakuwa na chumvi ukilamba unaisikia.

Binti Chumbageni

Nimeandika yote kwenye daftari jamani. Sebuleni: mrehani miwili na pilipili karibu na kioo, sneki planti na mshubiri juu ya rafu, haworthia hatua moja nyuma. Chumbani: spaida planti, na ua la Usambara nyuma ya pazia. Jikoni nitaacha mpaka nione hilo jua la Novemba. Swali la mwisho, mwezi wa nane naenda Lushoto kwa wazazi kama wiki mbili, nyumba itafungwa. Itakuwaje?

Mzee Mkonge

Marahaba mwanangu. Sneki planti, mshubiri na haworthia wape maji siku ya kuondoka, shusha pazia, utawakuta wazima. Ua la Usambara na spaida planti vitoe dirishani uvipeleke bafuni penye mwanga, pana unyevu. Mrehani na pilipili havitaweza, mpe jirani, na mwambie achume atumie, usimkataze, maana mrehani usipochumwa wiki mbili utaukuta wote umetoa maua.

Kitalu cha Donge

Na usipande wala kubadilisha chungu wiki ile ya safari. Ukirudi kutoka Lushoto ndo upite kitaluni kuchukua iliyobaki.