Eti Gundam ni "Transformers ya Kichina"! Huyu jamaa leo kanivuka mpaka

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule jamaa wa maiki, mnamjua, hana haja ya kutajwa. Kila wapenda katuni za Kijapani wakikutana yuko mbele, na miwani ya jua ndani ya ukumbi. Leo kachukua roboti langu la Gundam, ile katuni ya Kijapani ya maroboti ya vita, mezani bila hodi, kaliinua juu kama samaki wa mnadani, kasema: "Hii ni Transformers ya Kichina." Ukumbi ukaangua kicheko. Mpaka feni ilicheka.

Ya Kichina!

Lile roboti nimelijenga wiki tatu. Vipande nimevikata kimoja kimoja kwa kikatia kucha, palipobaki kinundu nimepiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi, mistari ya kifuani nimeichora kwa kalamu usiku umeme uliporudi. Yeye kalishika mkono mmoja, kama mtu anavyokamata kuku wa kuchinja. Mkono ukachomoka. Na bado akaendelea kuongea, kashika mkono wa roboti langu, anaonyeshea watu nao: "Transformers ya Kichina."

Mkikutana naye mwambieni Gundam ilianza kurushwa Japani tarehe 7 Aprili 1979. Transformers, maroboti ya Wamarekani, ni 1984. Toka lini mjukuu akamzaa babu? Tena ile roboti Jetfire ya Transformers ya 1985, mdoli wake ulikuwa ndege ya Macross, katuni nyingine ya Kijapani, iliyobadilishwa chapa, na Macross yenyewe ya 1982 ilipita njia ambayo Gundam ilikuwa imeshaifyeka. Nani kamuiga nani hapo?

Sisemi Gundam ilishuka kutoka mbinguni. Tomino, mwongozaji wake, na wenzake walizikuta katuni za Mazinger Z ya 1972 na Yamato ya 1974, na wazo la askari kuvaa mashine lilikuwepo kwenye riwaya ya 1959 ya Mmarekani Heinlein. Lakini kabla yao roboti lilikuwa shujaa, kila wiki linapiga zimwi, watoto wanalala. Wao wakalifanya kuwa kifaa cha jeshi. Linaishiwa risasi, linahitaji fundi, na ng'ambo ya pili kuna binadamu mwenye mama yake. Amuro, rubani wa Gundam, ana miaka 15 na hataki vita! Watazamaji wakawa wachache, vipindi 52 vilivyopangwa vikakatwa vikabaki 43, ikazimwa Januari 1980. Julai ya mwaka ule ule kampuni ya Bandai ikatoa vidoli vya kuunganisha, na watu wakaanza kupanga foleni. Vidoli kama hiki changu. Hiki alichokiinua. Akasema ni cha Kichina.

Na mkono kaondoka nao. Kautia mfuko wa shati. Nimeona kwa macho yangu.

Kisu_Butu: Mkuu punguza povu. Wiki tatu unajenga mdoli, kodi ya nyumba umelipa?

Mama_Wawili: Mwacheni kijana, kaumia. Ila na wewe uliupeleka wa nini kwenye watu?

Shati_la_Bluu: Gundam sawa, lakini bila katuni ya Evangelion ya 1995 nani angejua kwamba rubani wa roboti anaweza kulia? Heshima kwa Anno aliyeitunga.

Mleta uzi: Amuro alishagoma kupanda roboti 1979! Usinichokoze na wewe. Halafu turudi kwenye hoja: kasema YA KICHINA.

Babu_wa_Ving'amuzi: Nyie wote watoto. Katuni ya Voltron ndiyo baba lao, simba watano wanaoungana kuwa roboti moja.

Shati_la_Bluu: Babu, Voltron ni GoLion ya 1981 waliyoikatakata Wamarekani wakaibandika jina jipya. Nayo ni ya Japani.

Babu_wa_Ving'amuzi: Unaniharibia utoto wangu bure.

Kisu_Butu: Ngoja kwanza. Huyo jamaa wa maiki si ndiye aliyeazima waya wangu wa ekstensheni tangu Pasaka? Mita kumi!

Mama_Wawili: Heeee! Kwangu alikodi viti arobaini, vikarudi thelathini na nane. Nikimpigia anasema yuko kwenye kelele.

Pilipili_Manga: Nyie mnalia viti. Mimi niliwapikia pilau siku ile ya mkutano wao, akasema ataleta hela jioni. Jioni ya mwaka gani?

Kisu_Butu: Pilau ya nyama au ya kuku?

Pilipili_Manga: Nyama. Sufuria mbili.

Mleta uzi: Wakuu, mkono wangu wa kulia. Wenye bunduki. Anayeishi karibu naye aniangalizie.

Mama_Wawili: Pilipili, tuongozane kesho asubuhi kabla hajatoka. Mimi naufahamu mlango wake.

Kisu_Butu: Nipitieni hapa stendi. Nakuja kuchukua ekstensheni.