Narudi kwenye ngumi nikiwa na kilo 78: nishuke hadi 63.5 kama zamani, au nikubali nimepanda?

MkonoWaNyuma:
Wakuu, habari za muda. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliowahi kuacha ngumi mkarudi.

Nina miaka 31, urefu sentimita 175. Nilikuwa napigana ngumi za kulipwa uzito wa super light, kilo 63.5. Nikaumia bega, kazi nazo zikanibana, glovu zikakaa kabatini miaka kadhaa. Sasa bega limepona, nimerudi gym na hamu ninayo kweli kweli. Asubuhi kabla ya kula mizani inasoma 78, na siwafichi, nyongeza kubwa iko kiunoni.

Kuna promota ana nafasi ya pambano la raundi sita, wiki kumi kuanzia sasa, uzito ule ule wa 63.5. Kocha anasema niichukue, eti huo ndio uzito wangu na huko juu watanivunja. Mimi roho inasita. Kamba naruka raundi tatu tu, pumzi iko shingoni. Begi nalipiga vizuri dakika ya kwanza, ikifika ya tatu mikono inashuka yenyewe mpaka kifuani.

Nikomae nishuke? Au nitafute welta (66.7) au super welta (69.9)? Na uzito sahihi mtu anaujuaje bila kubahatisha?

Southpaw_Mvivu:
Kabla watu hawajaanza kumwaga ushauri, jibu haya. Enzi hizo ukiwa kambini, wiki mbili kabla ya pambano ulikuwa na kilo ngapi? Ulikuwa unapima siku moja kabla au asubuhi ya pambano? Na raundi za mwisho miguu ilikuwaje?

MkonoWaNyuma:
Kambini nilikuwa nacheza kwenye 69. Nashuka taratibu mpaka 67 hivi, zinazobaki nazitoa kwa sauna na kutokunywa maji. Tulikuwa tunapima siku moja kabla. Miguu, kusema kweli, kuanzia raundi ya nne ilikuwa mizito. Nilidhani ni kawaida ya kila bondia.

Southpaw_Mvivu:
Basi hata zamani 63.5 haikuwa yako. Ulikuwa unaiazima.

MzeeWaKona:
Mdogo wangu, nimekaa konani nikihudumia mabondia miaka mingi, ngoja nikupigie hesabu taratibu.

Mtu anayetaka kupungua mafuta huku nguvu zikibaki anashuka kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Kwako wewe ni kama gramu 400 hadi 800. Zidisha kwa wiki kumi: kilo nne mpaka nane. Maana yake ukifanya kila kitu sawasawa, ukalala vizuri, usiugue, usikose siku, utafika siku za mwisho ukiwa kati ya 70 na 74. Hapo ndipo kocha wako anataka utoe kilo sita na nusu, na hiyo ni bahati yako ikiwa nzuri kabisa. Hizo hazitakuwa mafuta. Zitakuwa maji, karibu sehemu moja ya kumi ya mwili wako, halafu kesho yake upande ulingoni kupigwa kichwani.

WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia, wana utaratibu wa kupima mabondia mapema kwa mapambano yao ya ubingwa: siku 30 kabla usizidi asilimia 10 juu ya uzito wa pambano, siku 7 kabla usizidi asilimia 5. Wewe hupiganii mkanda, lakini kipimo hicho unaweza kukiazima bure. Kwa 63.5 unatakiwa uwe chini ya 70 siku 30 kabla. Toka leo mpaka hapo ni wiki sita tu, na una kilo nane za kutoa. Haiwezekani kwa njia ya halali ya mwili. Kwa 69.9 unatakiwa uwe chini ya 76.9 siku 30 kabla, na chini ya 73.4 wiki ya mwisho. Hiyo unaiona mwenyewe kwamba inashikika.

Na usiniambie mabingwa wanafanya. Roy Jones Jr alipanda uzito wa juu akampiga John Ruiz Machi 2003, kisha akavua ile misuli kurudi kilo 79.4, uzito wake wa awali. Novemba mwaka huo huo alimshinda Antonio Tarver kwa tabu, na Mei 2004 Tarver akamlaza raundi ya pili. Umri ulichangia, sikatai, lakini ule mwili ulikuwa umeshavutwa huku na huku. Oscar De La Hoya naye Desemba 2008 alirudi kwenye welta baada ya miaka mingi juu ya uzito huo. Alipima pauni 145, hata kikomo cha 147 (ndiyo hiyo kilo 66.7) hakukifikia. Usiku wa pambano Manny Pacquiao, aliyetoka uzito wa chini, alikuwa mzito kuliko yeye. De La Hoya hakutoka kwenye kiti baada ya raundi ya nane. Mwili uligoma kurudisha kilichotolewa.

Bingwa ana mpishi, daktari na mtu wa kumsugua miguu. Wewe una kazi ya mchana.

BabaLao_67:
Mzee wa Kona heshima yako, lakini mnamjaza kijana woga. Kwa sentimita 175 kwenye 69.9 atakutana na watu wa sentimita 183 na mikono mirefu, na wao pia wanashuka kutoka 77. Atakuwa anarusha jabu (konde la kunyoosha la mkono wa mbele) haifiki. Ngumi ni mchezo wa faida ndogo ndogo, kila mtu anakausha maji mwilini kabla ya kupima. Avae nailoni atoe jasho, aingie sauna, siku mbili za mwisho apate vile vidonge vya kukojosha, mchezo umeisha.

Dada_Zamu:
BabaLao, hapo kwenye vidonge naomba tuheshimiane. Dawa za kukojosha ziko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, kwa hiyo kwanza unamwambia mwenzako afungiwe. Pili, zinatoa maji pamoja na chumvi za mwili kama potasiamu, na potasiamu ikivurugika moyo unapiga ovyo. Nafanya kazi wodini, naandika ninachokiona.

Kaka MkonoWaNyuma, ukikauka damu inakuwa nzito, moyo unasukuma kwa shida, jasho linakuwa kidogo na joto linabaki ndani. Ukinywa lita nyingi baada ya kupima, tumbo linajaa haraka, lakini misuli na ubongo havijazi kwa kasi hiyo hiyo. Saa 24 zinasaidia, ila kwa mtu aliyetoa asilimia 10 hazitoshi. Madaktari wa michezo wana hofu ya muda mrefu kwamba ubongo uliokauka unaumia vibaya zaidi unapopigwa.

Na kabla hatujafika kwenye kilo, umepima afya? Umekaa nje miaka kadhaa na umepita 30. Presha, moyo, macho (mtaalamu aangalie retina, asiishie kukusomesha herufi), damu, na picha ya kichwa kama uliwahi kuangushwa ukapoteza fahamu. Ukiwa na dawa unayotumia kwa ajili ya bega, mwambie daktari pia. Wengi wanameza vidonge vya maumivu halafu wanajikausha, figo ndiyo inalipa.

BabaLao_67:
Sawa dada, vidonge nimefuta. Hoja ya urefu bado iko pale pale.

MzeeWaKona:
Hoja ya urefu ni ya kweli na siidharau. Ndiyo maana simwambii aende kilo 72.6, uzito wa kati. Lakini mfupi mwenye miguu hai anaingia ndani. Mrefu aliyekauka hawezi kutoka. Sugar Ray Leonard jina lake lilijengwa kwenye welta, na aliporudi Aprili 1987 baada ya karibu miaka mitatu nje, alimfuata Marvin Hagler huko huko kilo 72.6. Hakumwita Hagler ashuke, wala hakujifanya bado ni kijana wa 66.7. Majaji waligawanyika, watu wanabishana mpaka leo, ila miguu alikuwa nayo raundi zote 12.

KambaNaBegi:
Mnazungumza uzito tu, na huyu mtu bado hajapata mwili wa ngumi. Mimi nilirudi baada ya mapumziko marefu, na kilichonisumbua kuliko vyote ni mikono.

Pumzi inarudi haraka kuliko unavyodhani, wiki chache tu. Misuli nayo ina kumbukumbu. Kano na viungo ndivyo vinavyochelewa. Kwa hiyo unajikuta unarusha konde la zamani kwa kifundo cha mkono cha mtu wa ofisini. Begi zito likigeuka kidogo tu wakati ngumi inafika, kifundo kinakunjika na unakaa nje mwezi mzima. Funga bandeji ndefu ya mita nne na nusu, pita kwenye kifundo mara tatu kabla hujaenda kwenye vidole, kisha kunja ngumi uangalie: ikibana tu ukikunja na kulegea ukifungua, umefunga sawa. Vidole vikifa ganzi, fungua uanze upya.

Wiki za kwanza kamba, kivuli (kurusha ngumi hewani), pedi, begi kwa nguvu nusu. Hesabu raundi, usihesabu mapigo. Sparingi (pambano la mazoezi) iache mpaka uweze kufanya raundi sita za begi za dakika tatu mikono ikiwa juu hadi kengele. Ukianza, glovu za aunsi 16, na mtu mwenye akili, sio yule kijana anayetaka kujitangazia gym nzima kwamba alimpiga bondia wa zamani.

Ukishafika hapo, jipime kila asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, uandike. Namba ya siku moja usiisikilize, inaruka kilo nzima kwa chumvi na maji tu. Chukua wastani wa wiki. Siku wastani unaposimama wiki mbili tatu huku mazoezi yakiwa makali, unalala, unakula vya kutosha na sparingi inaenda mbele, hapo ndipo mwili wako ulipo. Uzito wa pambano ni daraja linalokutaka utoe kilo mbili tatu kutoka hapo. Kama linataka sita, sio lako.

Ridhaa_Daima:
Naongezea kwa wanaosoma wakiwa kwenye ridhaa: msibebe hesabu hizi kama zilivyo. Kwenye mashindano ya ridhaa unapima asubuhi ya siku ile ile, na ukiendelea kushinda unapima tena siku unayocheza tena. Saa za kujaza maji hakuna. Na madaraja yenyewe yako mbali mbali. Olimpiki ya Paris 2024 kwa wanaume ilikuwa 51, 57, 63.5, 71, 80, 92 na zaidi ya 92. Mtu wa kilo 67 anabaki anahangaika katikati, na wengi wao wanafanya vizuri zaidi wakipanda 71 bila kujinyima chochote.

MkonoWaNyuma:
Shikamoo mzee wa Kona, na asanteni wote. Dada Zamu, afya nilipima presha tu, hayo mengine nimeyaandika na ninaenda wiki hii.

Nimeongea na kocha. Alinuna, akasema nimekuwa mlaini. Nikamwekea zile hesabu za wiki kumi kwenye karatasi, akakaa kimya, halafu akauliza kama promota anaweza kukubali uzito wa makubaliano. Promota anasema mpinzani yuko tayari kwa 66.7, zaidi ya hapo hapana. Nishike hiyo?

Southpaw_Mvivu:
Hesabu haijabadilika. Ukifika 70, bado kilo tatu na zaidi za maji, na hiyo ni kama umefika. Ukifika 73 je? Mpinzani anayekushusha ujue anajua anachofanya.

MzeeWaKona:
Liache hilo pambano. Mwambie promota unataka 69.9, raundi nne badala ya sita, na tarehe ya mbele zaidi. Wiki 16 hivi zingetosha. Kama hana, yuko mwingine.

Na ukipata, mkataba uandikwe vizuri: uzito kwa kilo na kwa pauni, saa ya kupima, mizani ya nani, na nini kinatokea mmoja akizidi. Mizani ya gym na mizani ya kamisheni (wasimamizi wa ngumi) hazisomi sawa, kwa hiyo ukifika nenda kajipime kwenye ile rasmi mapema, ukiwa bado na muda. Pia uliza kama kuna kupimwa tena asubuhi ya pambano. IBF, shirika jingine la ubingwa wa dunia, kwa miaka mingi kwenye mapambano yao ya ubingwa hawakuruhusu kuzidi kikomo cha uzito kwa zaidi ya pauni 10 asubuhi hiyo, na mapromota wengine wanaiga kwa makubaliano yao. Mtu akikuvizia na kipengele hicho hujakisoma, atakushika.

MkonoWaNyuma:
Nimemjibu promota hapana kwa 66.7, nikamtajia 69.9 raundi nne. Amesema atanirudia. Kocha amenipangia kamba na kivuli mpaka mwisho wa mwezi, begi nusu nguvu, sparingi hakuna. BabaLao, ukiwa na mbinu za mfupi kuingia ndani ya jabu la mrefu, zilete hapa.

BabaLao_67:
Hizo ninazo. Anza na kutikisa kichwa kabla hujapiga hatua, usiingie ukiwa umenyooka. Jabu lake likishatoka, wewe ingia kwenye mkono unaorudi, sio unaokuja. Kiwiliwili kwanza, mkono wa kushoto chini ya kiwiko chake. Nitaandika zaidi usiku.