Kikao cha miondoko na ushairi kwa vijana wenye kiwewe: nipange vipi?

Kondele_Sanaa: Wadau, hamjambo. Kundi letu hapa Kondele, Kisumu, lina vijana 14. Baadhi waliumia kwenye vurugu za uchaguzi wa 2017, wengine wana majeraha ya nyumbani. Ushairi wa jukwaani wanaupenda, sasa nataka kuongeza miondoko. Saa moja na nusu itatosha? Na mtu akilemewa katikati?

Mwl_Miondoko: 14 ni wengi kwa mwezeshaji mmoja. Tafuta mwenzako ambaye kazi yake ni kutazama nyuso tu. Muda unatosha: dakika 25 za mwili, 15 za kuandika, 30 za kusoma, 20 za kutulia. Hizo za mwisho msizile hata mkichelewa, maana kijana asirudi mtaani moyo ukimwenda mbio.

Watembee ukumbini, wasimame, wakanyage sakafu kwa visigino, kisha wasukume ukuta kwa viganja sekunde 10 na kuachia, mara tatu. Usiamuru mtu afumbe macho wala alale chali: aliyeshambuliwa usiku anahitaji kuona mlango. Kugusana hapana. Ngoma iwe ya polepole, isiyo na mlio wa ghafla, kwani vijana wa Kondele wanaujua mlipuko wa kitoa machozi.

Malenga_Nakuru: Kwenye kuandika, usiwaambie "andika kilichokupata". Wape kiungo: magoti, koo, mabega. Kinasema nini leo? Tukio litajitokeza lenyewe likiwa tayari. Watu hudhani shairi huru ndilo rahisi, lakini kwa maumivu mazito mimi napendelea mizani 16, yaani silabi 16 kwa mstari, nane kwa nane. Kuhesabu humpa mwandishi kitu cha kushikilia hisia zinapopanda, na kibwagizo humpa pa kutua kila ubeti. Kundi zima liitikie, kwa mfano:

*Nimefika niko hapa, na mlango uko wazi.*

Kusoma ni hiari. Anayetaka shairi lake lisomwe na mwingine, sawa. Hakuna alama, hakuna mshindi.

Nasaha_Kisumu: Dada Kondele, kuhusu kulemewa: dalili ni macho kuganda, kutojibu jina, au pumzi fupi za haraka na vidole kufa ganzi. Ganzi hiyo hutokana na kupumua kupita kiasi, kwa hiyo kumwambia "vuta pumzi ndefu" kunazidisha. Avute kwa hesabu ya 3, atoe kwa 6, bila kujaza kifua. Mwite jina, ataje vitu vitano anavyoviona, ashike chupa ya maji baridi. Mwenzako akae naye pembeni. Wewe endelea na kundi. Usimhoji yaliyompata.

Anayetaja kujiua au anayeendelea kupigwa nyumbani asiachiwe shairi. Kabla ya kikao cha kwanza, uwe na mshauri nasaha aliyekubali kupokea watu wako. Simu za bure: 1199 ya Msalaba Mwekundu, 1195 kwa ukatili wa kijinsia, 116 kwa walio chini ya miaka 18.

Kondele_Sanaa: Asanteni sana. Na video za kuweka mtandaoni?

Malenga_Nakuru: Kikaoni hapana kabisa. Simu zikusanywe mlangoni. Anayetaka kupanda jukwaani achague shairi lingine, wiki kadhaa baadaye, akiwa ametulia.