Gari ya mkononi: nitenge kiasi gani cha matengenezo?

Mjipanga
Wakuu habari zenu. Nimejichanga mda mrefu na sasa nimefika hatua ya kununua gari, iliyotumika sio mpya. Kuna moja nimeiona kwa mtu, imetembea kilomita 120,000 na kitu, bodi safi, ndani safi, mwenyewe anasema haina shida yoyote. Bei anayotaka ndo hela yote niliyonayo. Je nichukue hiyo au nishuke nitafute ya bei ndogo nibaki na akiba ya gereji? Na hiyo akiba watu mnaipangaje, maana kila ninayemuuliza ananijibu "gari ni gharama" basi, hanitajii gharama zenyewe. Mafuta na bima nshapiga hesabu.

Spana namba 14
Usimalize hela yote kwenye kununua mkuu, hilo la kwanza. Mimi ni fundi na magari mengi yanayokuja kulala gereji sio mabovu sana, mwenye gari kaishiwa tu, hana ya spea. Kwa mtazamo wangu bei ya gari isizidi asilimia 80 ya ulichonacho.

Sasa hiyo 120,000, swali la kwanza ni timing belti, ule mkanda ndani ya injini unaofanya valvu zifunguke kwa wakati na pistoni. Injini nyingi za belti inatakiwa ibadilishwe kwenye kilomita 100,000 hivi, nyingine mapema zaidi, angalia kitabu cha gari. Kama muuzaji hana risiti we hesabu haijabadilishwa, maana ikikatika unatembea kwenye injini nyingi pistoni zinagonga valvu, zinapinda, hapo unafungua silinda hedi na bili yake ni nyingine kabisa. Na ukibadilisha weka na tenshena mpya (kile kinachokaza belti), na wota pampu kama inazungushwa na belti hiyo hiyo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Kama injini ni ya cheni hiyo gharama huna, ila isikilize inapowaka asubuhi kama inakwaruza.

Alafu mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti mwenyewe, iwe ya baridi. Ikiwashwa angalia moshi wa ekzosi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe kidogo asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi imeungua, achana nayo.

Mama Mahesabu
Nongeze upande wa hesabu maana hapo ndo wengi tunaachwa. Chukua kila kitu kinachochakaa, gawanya bei yake kwa miezi kitakayodumu. Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Tairi zinadumu 40,000, basi bei ya tairi zote 4 unagawanya kwa 40. Oili na filta kila 5,000, gawanya kwa 5. Betri inakwenda kwa umri, weka miaka 4, gawanya kwa 48, oili ya breki miaka 2, gawanya kwa 24. Jumlisha vyote, hicho ndo kiasi cha kuweka kila mwezi hata kama gari haijaharibika.

Lakini sikia dada/kaka, gari ya mkononi haianzii sifuri!! Tairi ukizikuta zimeisha nusu una miezi 20 tu ya kuchanga bei ile ile nzima, kwahiyo kiasi cha kila mwezi kwa tairi kinakuwa mara 2. Ndo maana mwaka wa kwanza unauma kuliko inayofuata, wengi wanadhani wameuziwa kimeo kumbe wanalipia uchakavu wa aliyewatangulia. Pita kitu kimoja kimoja na fundi kabla hujalipa, kila kimoja muulize kimebakiza mda gani.

Tairi Nne
Kwenye tairi soma zile tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzuri lakini mpira umezeeka. Pia washa swichi kabla ya kuwasha injini uone taa ya injini kwenye dashibodi inawaka, kisha injini ikishawaka inazima, isipowaka kabisa huenda mtu kaichomoa.

Mjipanga
Asanteni sana, hii ya kugawanya kwa miezi iliyobaki sikuwahi kuisikia. Nimempigia muuzaji, injini ni ya belti, hajui ilibadilishwa lini na risiti hana. Nimwombe apunguze?

Spana namba 14
Mwombe, ila nenda kwanza gereji upate bei ya belti, tenshena, wota pampu na ufundi wake kwa maandishi, umwekee mezani. Akikataa kabisa kushuka tafuta nyingine, na hata akishuka belti ibadilishwe wiki hiyo hiyo kabla hujaenda nayo safari.