Theluji kwa watoto: Alpi, Lesotho au Dubai?

Mama_Tudor: Asalaam aleikum nduguzanguni. Watoto wametushika shingo, wanataka theluji na kuskii. Baba yao anasema Disemba twende Kitzbühel, Austria, maana nduguye yuko Munich na atatupokea. Mimi nasikia baridi ya Ulaya siku hizi haitabiriki. Wengine wananitajia Lesotho, wengine Dubai. Tuko watano, na gharama za watu watano si mchezo. Nipeni ulinganisho wa kweli.

Nahodha_Nyali: Waaleikum salaam. Kitzbühel kwa Disemba ni bahati nasibu. Mji uko mita 760 hivi tu juu ya bahari. Kwenye milima ya chini, joto likizidi kidogo inanyesha mvua badala ya theluji, na mvua hiyo huimaliza hata theluji iliyokuwapo. Tarehe 1 Januari 2023, Delémont, Uswisi, kipimajoto kilifika nyuzi 20.2, katikati ya baridi. Kama lazima Alpi, milima hiyo ya Ulaya, pandeni juu: Val Thorens, Ufaransa, kijiji chenyewe kiko mita 2,300 na msimu huanza Novemba. Ila bei nayo iko mlimani.

Kaka_Likoni: Mashine za theluji si zipo? Olimpiki ya Beijing 2022 ilichezwa karibu yote juu ya theluji ya mashine.

Nahodha_Nyali: Zipo, lakini zinataka hali yake. Mashine hurusha matone madogo ya maji yagande kabla ya kutua. Hewa ikiwa kavu, nyuzi chache chini ya sifuri zatosha. Ikiwa na unyevu, inatakiwa baridi kali zaidi, la sivyo unamwagilia nyasi. Milima ya Beijing ni baridi na kavu. Disemba ya mvua Austria, mashine zimekaa tu.

Binti_Kuze: Mimi nauza tiketi, kwa hiyo nichukulieni kwa tahadhari 😄 Lakini ningekwenda Lesotho. Afriski, kituo chao cha kuskii, iko zaidi ya mita 3,000, usiku wa Juni hadi Agosti huganda na hewa ni kavu, kwa hiyo mashine zinafanya kazi. Mteremko mkuu ni kama kilomita 1, unawatosha wanaoanza. Agosti shule zimefungwa, na Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi ya siku 90. Masharti ya Lesotho yenyewe yaangalie mapema. Kutoka Johannesburg mnapitia mji wa Butha-Buthe, kisha mnapanda njia ya mlimani ya Moteng: kona kali, na asubuhi barabara ina barafu. Msiendeshe usiku hata dereva akijisifu vipi. Na Disemba ya baba yao isahauni, huko ni kiangazi.

Kaka_Likoni: Mlima Kenya je? Karibu, na hakuna viza.

Binti_Kuze: Huko unapanda, huskii. Barafu ya Lewis iliyo mlimani humo imepungua mno, na kilele cha Lenana ni mita 4,985. Kwa kimo hicho watoto wadogo utawaumiza vichwa bure.

Mama_Tudor: Na Dubai?

Nahodha_Nyali: Ski Dubai ipo tangu 2005, ndani ya duka kubwa, mteremko mrefu mita 400, makoti na buti wanakupa. Haikosi theluji hata Julai. Lakini ni friji kubwa jangwani. Saa mbili, kisha watoto wanauliza chipsi.

Mzee_Shanzu: Wajue pia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliyeskii Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Mimi nahudumia wageni, na wakati wa kaskazi napata Wajerumani waliokuwa wakienda milimani kila Februari. Theluji imewachosha kuisubiri. Vijana wa ufuoni wanafurahia, ila nawaambia bahari nayo inapata joto. 1998 matumbawe yetu yalipauka vibaya.

Mama_Tudor: Basi Agosti, Lesotho. Shemeji wa Munich aje yeye Disemba, tutampikia. Makoti ya watano nitayapata wapi bila kufilisika?

Binti_Kuze: Soko la Kongowea, Mombasa, wanapofungua marobota ya mitumba. Wahi asubuhi, na yale ya kuingia maji usiyaguse.