Wakuu, inawezekana kutumia kompyuta kwa kuongea tu bila kugusa kibodi wala mausi?

SteshenariMoro:
Habari za majukumu wakuu. Mimi nina steshenari ndogo hapa Morogoro, nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, risala za harusi, hizo ndo zinanilisha mimi na wanangu. Mwezi wa tatu nilipata ajali ya bodaboda, mkono wa kulia ukavunjika sehemu mbili nikafungwa hogo, na wa kushoto vidole viwili mpaka leo havikunji. Saivi nadonoa kidole kimoja kimoja, ukurasa mmoja karibu lisaa, mteja anasubiri anachoka anaenda duka la jirani. Juzi kwenye simu nikabonyeza kale kamaiki ka kwenye kibodi nikaongea Kiswahili changu nikaona maneno yanatokea yenyewe, nilitaka kulia. Sasa kompyuta je? Kufungua, kuandika, kusevu, kuprinti, vyote kwa mdomo? Na kama bado, inakuja au nitafute kazi nyingine? Naomba anijibu aliyetumia.

FundiKariakoo:
Pole sana dada. Tenganisha vitu viwili, kuna kuandika kwa sauti na kuna kuiendesha mashine kwa sauti. Kuendesha kupo tayari, Windows 11 ina Voice Access na Mac wana Voice Control tangu 2019. Ukisema "show numbers" kila kitufe kwenye skrini kinavikwa namba, unataja namba kinabonyezwa. Pasipo na kitufe unasema "show grid", kwa Windows skrini inakatwa vyumba tisa, unataja chumba nacho kinakatwa tena tisa, mpaka unafika pale pale unapotaka. Hiyo ya Windows lugha unashusha mara moja, baada ya hapo haili bando. Ila Kiswahili hakisikii kabisa, amri utazitoa kwa Kiingereza. Kwa kuandika Kiswahili fungua Google Docs ndani ya Chrome, kuna sehemu ya kuchapa kwa sauti, chagua Kiswahili. Hapo bando linahitajika. Na tafuta hedifoni yenye maiki inayokaa karibu na mdomo, maiki ya laptop inabeba mpaka honi za barabarani.

CoderNai:
Pole dadangu, niko Nairobi, naandika programu, na viganja viliniuma mpaka nikashindwa kushika kikombe. Nilitumia Talon, programu ya kuendesha kompyuta kwa sauti, karibu mwaka mzima. Kila herufi ina neno lake fupi, a ni "air", b ni "bat", c ni "cap", na ukipasua midomo "pop" inabonyeza mausi. Wiki ya kwanza nilitaka kuacha, mwezi wa pili nikawa nafanya kazi ya siku nzima. Lakini nikuambie ukweli, koo huchoka kama vile mkono huchoka, kufikia saa kumi jioni sauti ilikuwa imekauka. Paswedi nayo utaitamka mbele ya watu? Kwa hivyo usitupe vile vidole vilivyobaki, wacha sauti ibebe maandishi marefu na kidole kifanye yale madogo.

MzeeWaData:
Hapo kwa "inakuja au nitafute kazi nyingine" mimi nasema usiache kazi. Kabla ya 1997, Dragon NaturallySpeaking ilipotoka, programu nyingi za kuandika kwa sauti zilikuwa zinakutaka utulie baada ya kila neno. Tumetoka mbali. Kinachotuchelewesha sisi ni sauti zetu wenyewe kukosekana kwenye rekodi zinazofundishia mashine. Whisper ya OpenAI, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotoka 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na humo lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana 117,000 tu. Halafu Kiswahili neno moja linabeba mambo mengi, "nitakapomlipa" mashine ikikosa silabi moja basi aliyelipwa kageuka kuwa mwingine. Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za watu, mtu yeyote anaweza kwenda kusoma sentensi za Kiswahili zikarekodiwa, mimi nasoma kumi kila usiku kabla ya kulala na nawaomba wote humu mfanye hivyo, hasa wenye lafudhi za bara, maana siku ya kuiambia mashine "printi ukurasa wa pili nakala tatu" ikaelewa, inategemea imewasikia watu wangapi wakisema hivyo.

SteshenariMoro:
Nimerudi wakuu, asanteni mno. Leo nimechapa mkataba wa chumba kwa sauti, dakika kumi na mbili! Majina ndo shida, Mwanaidi imeandika "mwana hidi", na nukta hainiwekei, nikisema nukta inaandika neno nukta. Katikati mama mmoja akaingia akauliza kopi shilingi ngapi, na swali lake nikalikuta ndani ya mkataba. Ila kilichonisumbua zaidi ni huyu kijana aliyeleta barua ya kujieleza kazini, alipoona naisoma kwa sauti mbele ya foleni akainamisha kichwa. Nikaacha, nikaidonoa kwa kidole. Nafikiria niweke pazia nyuma niwe naongelea huko. Hiyo nukta mnafanyaje?

FundiKariakoo:
Kwa Kiswahili hapo Docs haijaweza dada, andika yote kwanza halafu nukta upite nazo kwa kidole mwishoni. Na pazia weka zito.